Ukuta Ulioangushwa kwa Mdomo

Watu wa mtaani walimwita Mama Udongo, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilimganda kwa sababu ya mikono yake. Hata akienda harusini, amejipamba na ananukia vizuri, ukimtazama kwenye kucha utaona wekundu uliokataa katakata kutoka. Alikuwa mchoraji, na rangi zake hazikutoka dukani. Alizichimba. Nyekundu aliitoa kando ya barabara, mahali ambapo matingatinga yalikata mlima. Nyeupe aliitoa kwenye mashimo ya wafyatua matofali. Nyeusi ilikuwa masizi tu ya masufuria, ambayo majirani walimkusanyia kwenye makopo na kumletea kwa utani: "Mama Udongo, ukoko wako huu hapa, tumekubakizia." Naye hucheka, akapokea kwa mikono miwili.

Alitwanga, akachuja kwa chujio la chai, akakoroga na gundi ya maseremala, kisha akapaka kwa vidole kwenye mbao za plaiwudi. Brashi alikuwa nayo moja, na kazi yake ilikuwa kupangusia vumbi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa uani, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Kutwa nzima chuma kililia na harufu ya moto iliingia hadi kwenye chai. Fundi mwenye karakana, bwana mmoja mnene asiyeishiwa maneno, alikuwa na mazoea ya kuchungulia mlangoni na kusema, "Leo tena unapaka matope?" Mama Udongo hujibu bila kugeuka, "Na wewe leo tena unaunganisha vyuma?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao, na ilitosha.

Alichokichora kilitoka kwa bibi yake, mzaa mama. Zamani, bibi huyo alipokuwa kigori, wanawake wa kwao walipamba kuta za nyumba zao kwa vidole: mistari inayokimbizana, pembetatu zilizolaliana kama vigae, nukta juu ya nukta, mawimbi yanayopanda na kushuka. Saruji ilipokuja, wanawake waliacha mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye shughuli bila kuaga. Bibi hakuacha. Alikuwa na chumba chake cha nyuma, na ukuta mmoja wa chumba hicho aliupamba kidogo kidogo kwa miaka mingi, tangu sakafuni hadi ambapo mkono wake ulifika akiwa amesimama juu ya kigoda.

Mama Udongo alikuwa mtoto bibi alipofikia vipande vya mwisho, na kazi yake ilikuwa kumkorogea bibi rangi. Siku moja bibi alimwachia kipande cha chini, karibu na mlango, akamwambia achore mstari mmoja. Ulitoka umepinda kama mkia wa mbwa. Mtoto alitaka kuufuta kwa kiganja. Bibi akamdaka mkono.

"Uache hapo hapo. Ukuta usio na kosa ni wa mtu asiye na wajukuu."

Bibi alifariki, ukuta ukabaki. Mjukuu akakua, akasoma ualimu, akapelekwa mbali kufundisha watoto wa shule ya msingi kuchora. Kila likizo alirudi nyumbani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya ule ukuta kama mtu aliyekuja kwa mazungumzo.

Nyumba ilikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, tumbo moja, aliyeishi pale na mke wake na mama yao mzazi. Kaka huyu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na akicheka, hata aliyekuja na ugomvi wake huusahau. Tena walikuwa na deni la moyo baina yao. Baba yao alipokufa wakiwa wadogo, kaka ndiye aliyeacha shule akaenda kubeba magunia ili mdogo wake aendelee kusoma. Hakumsimanga hata mara moja kwa jambo hilo. Kwa hiyo, kaka akisema jua limechomoza, Mama Udongo hakuwa na haja ya kufungua dirisha.

Mvua za mwaka mmoja zilikuwa mbaya. Zilibomoa madaraja na kung'oa nguzo. Katikati ya mvua hizo, mwalimu akiwa darasani na chaki mkononi, simu ikaita.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "kaa kitako kwanza."

"Mama?"

"Mama mzima. Ni ukuta. Ukuta wa Bibi umeanguka."

Aliomba ruhusa, akasafiri. Alipofika alikuta chumba cha nyuma kimebomolewa chote, kaka yuko matopeni amekunja suruali, na pembeni kuna lundo la udongo uliolowa. Mafundi walikuwa tayari wanapanga matofali ya saruji, maana, kaka alisema, nyumba isiyo na ubavu haingoji. Mama Udongo alipiga magoti kwenye lile lundo. Alilia kilio cha mtu aliyefiwa mara ya pili na mtu yule yule. Mama yake alitoka ndani, akaketi chini kwenye majimaji bila kujali kanga yake, akamvutia kifuani na kumshika kichwa, akimpapasa na kumwambia, "Basi, mwanangu. Basi. Vya dunia vina mwisho."

Kabla ya kuondoka, aliomba debe. Alilijaza udongo wa lundo lile hadi juu. Wifi yake alimsaidia kuufunga mdomo kwa kitambaa ili usimwagike njiani.

Ni huzuni hiyo iliyomtoa. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu anayechora akipata nafasi. Baada ya hapo alikuwa kama mtu anayefukuzwa. Alichora ukuta wa bibi kwa kumbukumbu, kipande kwa kipande, na katika kila ubao alichanganya kiganja cha udongo wa lile debe. Kazi hizo aliziita *Ukuta Ulioanguka*. Alipozionyesha mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo wa maktaba, watu walisimama mbele ya zile mbao bila kusogea. Akawaeleza habari za bibi, za mvua, na za debe. Wengine waliomba kuugusa ubao, wakaugusa kwa ncha za vidole, taratibu, kama wanaogusa paji la uso la mgonjwa.

Jina likaenea. Akaitwa huku na kule. Gazeti likamwandika. Aliacha shule, akapanga kile chumba cha nyuma ya karakana, akawa msanii kamili. Na kila alipokwenda kuonyesha kazi zake, aliyembebea alikuwa kaka yake. Kaka sasa alikuwa na pikapu ya bluu, si mpya lakini imara, aliyoipata, alivyosema, kwa kuhangaika. Alizifunga mbao kwa mablanketi, akazikaza kwa kamba, akaendesha kama amebeba mayai. Akikuta tuta barabarani hupunguza mwendo na kusema, "Polepole jamani, tumembeba Bibi."

Mama Udongo alipenda sana utani huo.

Basi, jumba la makumbusho la mji mkuu lilikarabatiwa, na wakubwa wake wakaamua kulifungua upya kwa maonyesho makubwa: kazi za mikono ya zamani upande mmoja, na za wasanii wa leo waliozirithi upande wa pili. Mama Udongo alipewa chumba kizima. Aliitwa akakione kabla ya kutundika kazi zake. Kaka akampeleka, akaegesha pikapu chini ya kivuli cha jengo, akashusha kofia usoni. "Nenda ukapime kuta zako. Mimi nalala kidogo."

Msimamizi wa maonyesho alikuwa dada mmoja mpole, mwenye viatu vya raba na kamba ya futi shingoni. Alimpitisha kwenye vyumba vilivyonuka rangi mbichi. Mafundi umeme walikuwa juu ya ngazi, kasha hapa, kasha pale. "Na hapa, mama," yule dada alisema akifungua mlango wa pazia zito, "tumeweka kitu nilichofikiri utakipenda. Kimekaa stoo muda mrefu, tangu kabla sijaajiriwa. Nilipokiona nikakukumbuka wewe moja kwa moja. Kinafanana sana na kazi zako."

Mbele yake, ndani ya fremu ya chuma, ukutani, palikuwa na ukuta.

Ulikuwa umekatwa vipande vinne na kuunganishwa tena, alama za msumeno zikaonekana kama makovu ya upasuaji. Pembetatu zilikuwepo. Mawimbi yalikuwepo. Macho ya Mama Udongo yalishuka yenyewe hadi kona ya chini, upande wa mlango, na pale akauona mstari mmoja uliopinda kama mkia wa mbwa.

Chini palikuwa na kibao kidogo: *Mapambo ya ukuta wa nyumba. Mchoraji hajulikani.*

"Mama, vipi? Unajisikia vibaya?"

"Huu ukuta," akasema, "mliutoa wapi?"

"Alituletea dalali wa vitu vya kale. Lakini aliununua kwa wenyewe kihalali, siku ya kuutoa walipiga hata picha. Tumeitundika hapo pembeni, watu wapate kujua kazi ilivyofanyika."

Ilikuwa picha kubwa. Wanaume wameshika kamba na mbao, wanakishusha kipande cha ukuta juu ya godoro. Jua linawaka, udongo mkavu kabisa, hakuna hata kidimbwi. Aliyeshika kona ya mbele, meno nje, anacheka na mpiga picha, alikuwa kaka yake. Nyuma, kwenye kizingiti cha mlango, ameketi mama yao na ungo mapajani, anachambua mchele. Ameinua uso kidogo kutazama, kama mtu anayetazama watu wakihamisha kabati.

Dada wa makumbusho alimletea maji. Hakuyanywa. Alitoka nje, akavuka uwanja, akagonga mlango wa pikapu. Kaka akainua kofia.

"Tayari?"

"Ingia ndani. Kuna mtu anakungoja."

"Nani tena ananijua huku?"

"Bibi."

Kaka alicheka, akidhani ni mzaha wao wa siku zote. Alimfuata akipiga soga na walinzi njiani. Alipopita lile pazia zito, kicheko kilikatika kama uzi. Alivua kofia. Alisimama hivyo, akiizungusha kofia mikononi, akitazama ukuta, kisha picha, kisha ukuta tena.

"Dalali aliniambia ukuta unakwenda ng'ambo," akasema mwishowe.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Mama Udongo alilingoja la pili.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ukuta ule ulikuwa unakufa. Mchwa walikuwa wamefika kiunoni. Paa linavuja, Mama analala na beseni kifuani. Akaja mtu anataka kuununua ukuta wa matope! Nilidhani ana wazimu. Ningefanya nini? Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Unaona? Ndiyo maana."

"Ukauuza kiangazi, ukangoja mvua."

Kaka alitazama viatu vyake. "Nilitafuta namna ya kukuambia isiyokuumiza. Mvua ilipokuja kubwa vile, nikaona Mungu kanipa sababu."

"Usimtie Mungu humu."

"Haya. Lakini tuseme kweli." Sauti yake ikapata nguvu, ule ulimi wake ukaamka. "Ukuta ungebaki pale, leo ungekuwa nani? Ungekuwa mwalimu wa kuchora, unakuja likizo kukaa kwenye kigoda. Kile kilio ndicho kilichokutoa. Ulipolia, dunia ikakusikia. Sasa nimekuharibia nini?"

Mama Udongo alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Alimtafuta yule kijana aliyebeba magunia, akamwona, yupo pale pale, uso ule ule. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mtu mwingine, ingekuwa rahisi.

"Na pikapu," akasema. "Ulikuwa unanibeba kwenye pikapu ya ukuta."

Mama Udongo alipita kando yake, akatoka kwa mlango mwingine, akapanda basi, akarudi peke yake.

Hakwenda chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yao, akamkuta jikoni anapuliza moto. Wifi yake, mke wa kaka, alipouona uso wake tu, aliweka chini bakuli alilokuwa anaosha, akasema anaenda dukani, akatoka bila hata kuchukua kapu.

"Mama, nimeuona ukuta."

Mama aliendelea kupuliza mpaka kuni zikashika. Kisha akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa amezeeka, na wakati ule alionekana amezeeka zaidi.

"Nilijua ipo siku," akasema.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua. Kaka yako alisema tukuache kwanza upoe, atakueleza mwenyewe. Mwaka ukapita. Halafu ukaanza kuwa mtu mkubwa, unaandikwa magazetini, ukuta umeanguka, ukuta umeanguka. Nikajiuliza, sasa nikisema, nitakuwa nimemjenga mtoto au nimembomoa?"

"Ulikaa matopeni, Mama. Ulinishika kichwa."

"Nilikushika kwa sababu ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nalia uongo wenu!"

"Uongo ulikuwa wetu," mama akasema taratibu. "Machozi yalikuwa ya kweli. Mtoto wangu akilia namshika, sina namna nyingine."

Mama Udongo aligeuka, akatazama ua kupitia mlango wa jikoni: ubavu wa saruji, bati zinazong'aa, na choo kule mwisho. Ndipo wazo likamjia, wazo dogo, baya.

"Lile lundo," akasema. "Kama ukuta mlikuwa mmeshauuza, mimi nilipigia magoti udongo gani?"

Mama alifumba macho.

"Mama."

"Walikuwa wanachimba shimo la choo kipya," mama akasema. "Kaka yako akawaambia wausogeze udongo mbele, ufanane na ulioanguka."

Mama Udongo alitoa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa kicheko. Alikumbuka debe. Alikumbuka wifi yake akifunga kitambaa kwa adabu zote. Alikumbuka vidole vya watu, wakubwa kwa wadogo, vikigusa mbao zake kwa heshima. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na mama yake, akidhani labda mambo yamekuwa mepesi, akatabasamu kidogo na kusema, "Ulikuwa msafi lakini. Shimo lenyewe lilikuwa halijatumika."

Hapo kicheko kikaisha. Aliokota mkoba wake akaondoka, na chai ambayo mama yake alikuwa ameanza kumpikia ilibaki jikoni ikichemka.

Maonyesho yalikuwa yamekaribia na kadi za mwaliko zimeshasambazwa. Angeweza kujitoa. Fundi wa karakana, ambaye kwake alimwaga yote siku iliyofuata huku cheche zikiruka, alimshauri anyamaze. "Mambo ya ndani usiyaanike, majirani watakusaidia kuyahesabu. Tundika kazi zako, pokea mkono, rudi nyumbani." Kisha, baada ya kuvuta kofia yake ya kuchomelea na kuiinua tena: "Udongo wa choo! Ama kweli kaka yako fundi kuliko mimi."

Alikwenda kutundika kazi zake, kwa gari la kukodi. Mbao ziligongana njia nzima, na mbili zilimeguka pembe.

Jambo lililompata pale hakulitarajia. Alipoziweka kazi zake karibu na ukuta wenyewe, aliona kwamba alikuwa amekosea kukumbuka. Mistari yake ilinyooka. Pembetatu zake zililingana kama zimepigwa rula. Ya bibi haikuwa hivyo hata kidogo. Mawimbi ya bibi yalipanda, yakasita, yakazunguka kifundo cha mti kilichojitokeza, yakateremka upande usiotarajia. Kulikuwa na mahali nyekundu ilimwishia, akaendelea na kahawia bila haya. Miaka yote ile, mwenyewe alikuwa akichora bibi wa mwenye kufiwa, bibi aliyetulia, aliyesafishwa na machozi. Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa vurugu na furaha. Na angeweza kumjua. Miaka yote hiyo angekaa mbele ya ukuta huu akajifunza, hata kama ulikuwa stoo ya makumbusho, hata kama ulikuwa ng'ambo, kama tu angejua kwamba uko hai. Hicho ndicho walichomwibia, na hakikuwa kitu ambacho mtu angeweza kumrudishia.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Kaka hakuja. Mama Udongo alipewa kipaza sauti. Alikuwa ameizoea hotuba yake, bibi, mvua, debe, hata mahali pa kunyamaza alipajua. Safari hii alisema maneno machache.

"Nilikuwa nawaambia kwamba ukuta wa bibi yangu ulianguka. Haukuanguka. Uko kwenye chumba kile pale. Mstari uliopinda kule chini niliuchora mimi, na mengine yote aliyachora yeye. Mimi niliambiwa ulianguka, nami nikaamini."

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu, wengine wakasimama. Mwanamke mmoja alikuja kumkumbatia akilia kwa furaha: umepatikana! Kilichopotea kimepatikana! Mwandishi wa gazeti akamsukumia simu mdomoni. "Unajisikiaje kukutana tena na ukuta wa bibi yako?"

"Kama mtu aliyelia msiba usiokuwepo."

Mwandishi akatabasamu, akasema asante, na kesho yake gazeti likaandika kwamba msanii alifurahi kupita kiasi. Katika ukumbi mzima, hakuna hata mmoja aliyemuuliza, ni nani aliyekuambia ulianguka?

Dada wa makumbusho alibadilisha kibao. Alimwomba jina kamili la bibi, akaliandika vizuri, na chini yake akaongeza kwamba mstari mmoja ni wa mjukuu. Mama Udongo alimshukuru. Kisha alianza kuwatafuta watu waliokuwa na mbao za *Ukuta Ulioanguka* majumbani mwao, awaambie ukweli kuhusu ule udongo. Baadhi walikasirika. Mmoja alirudisha ubao wake, umefungwa gazeti. Nesi mmoja mstaafu alimsikiliza hadi mwisho, akaangalia ubao uliokuwa juu ya kochi lake, akasema, "Mimi nimeshauzoea, mwanangu. Acha ubaki." Alipotoka kwa nesi yule, Mama Udongo alikaa kwenye ngazi za nyumba na kulia, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumshika.

Kwa muda mrefu hakuchora. Makopo ya masizi yalijazana mlangoni. Fundi akichungulia hakusema lolote kuhusu matope.

Kaka alikuja mara moja, na mke wake, wamevaa nguo za kutokea kama waendao kuposa. Walikaa kwenye benchi la karakana. Kaka alisema amekosa. Alilisema vizuri, bila utani, na pengine aliyasema yote kwa moyo. Aliomba arudi kumbebea kazi zake, bila malipo, maisha yake yote.

"Nimekusamehe," Mama Udongo akasema.

Uso wa kaka ukang'aa. "Basi yameisha?"

"Nimekusamehe, kaka. Lakini nimepata gari lingine."

Wifi aliinamisha kichwa. Kaka alibaki akimtazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu na anaona haya kuihesabu mbele za watu. Walikunywa soda, wakaulizana habari za watoto, wakaagana. Pikapu ilikataa kuwaka, na fundi wa karakana alikwenda kuisukuma.

Mama naye aliomba kitu kimoja: apelekwe akauone ukuta. Ilichukua muda Mama Udongo kukubali. Walikwenda siku isiyo na watu wengi. Mama alitembea polepole, akishika ukuta wa korido kwa kiganja. Alipofika mbele ya fremu, alinyoosha kidole kwenye ile sehemu ya kahawia.

"Hapa alinituma nikamletee nyekundu, nikaenda kucheza," akasema. "Nilirudi jioni. Alinichapa, halafu akasema kahawia imependeza."

Mama Udongo hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Alisogea, akapatazama mahali pale kwa makini, upana wa kidole, mahali rangi ilipoanza na ilipokoma. Akatoa penseli kwenye mkoba na kipande cha karatasi, akaanza kunakili.

Mama alimtazama akichora. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mwanangu."

Mkono wa Mama Udongo ulisita kidogo. Ukaendelea.

"Nimekusikia, Mama," akasema. "Kaa pale kwenye kiti, utachoka. Bado sijamaliza."